LED za elfu 65 kwenye IST: Dar raha, Nyololo kilio

Hizi balbu za LED za taa kubwa za mbele nilinunua mwezi wa tano Kariakoo, kule Gerezani kwenye spea, duka silitaji, pea elfu 65 na fundi wa nje akanifungia kwa buku 5. Gari ni Toyota IST ile ya kwanza, inatumia balbu ya H4, yaani balbu moja yenye full na dim humohumo. Boksi limeandikwa 6000K (rangi ya mwanga, nyeupe) na wati mia mbili, wakati halojeni, ile balbu ya kawaida ya kawaya, ni wati 60 kwa full (mwanga wa mbali) na 55 kwa dim (mwanga wa chini), haya bwana.

Kwa Dar sina la kusema, usiku mkavu unaona hadi shimo la kesho, mwanga mweupe peee. Ila kila gari linalokuja mbele linanipiga full, na mi nipo kwenye dim, nikajua ni wivu tu wa watu.

Sasa mwezi wa saba nikapata msiba Njombe. Kitonga nimepanda jioni hakuna shida, nikalala Mafinga, saa kumi na moja alfajiri nikaingia barabarani. Karibu na Nyololo, kati ya Mafinga na Makambako, ukungu ukashuka, yani taa zangu zikanigeuka, mwanga wote unarudi usoni kama mtu katandika shuka jeupe mbele ya bampa. Nikajaribu full, ndo kabisaaa, hata boneti silioni vizuri. Nikajibana nyuma ya lori la semi nifuate taa zake nyekundu, nalo kosa, maana akitoka nje ya lami na wewe unaenda naye, akifunga breki umeingia uvunguni. Na hazadi, zile indiketa zote kwa pamoja, nimewasha muda wote natembea.

Makambako yule dereva wa semi akasimama kunywa chai, nikamfuata nikampa shikamoo, akaitikia alafu akaanza na mimi. "Mwanangu hazadi ni ya gari iliyosimama. Unawasha unatembea, ukitaka kukata kulia mtu atajuaje? Na hizo taa zako kwenye kioo changu nilikuwa naziona kama welding." Nikanyamaza, ningesema nini.

Fundi umeme wa palepale akaweka gari mita chache kutoka ukutani akaniambia angalia. Dim ya kweli ina mstari, juu giza chini mwanga, na upande wa kushoto inapanda kidogo kumulika pembeni ya barabara. Yangu ilikuwa imemwagika ukuta mzima hadi kwenye bati. Kumbe bakuli la taa limepigiwa hesabu ya kale kawaya ka halojeni kakae sehemu yake kamili, ukichomeka LED vitaa vyake havikai pale, mwanga unaenda hovyo, na ule unaopanda juu ndo unagonga matone ya ukungu unakurudia. Kwahiyo wale wa Dar walionipiga full walikuwa na haki yao kabisa.

Kingine, feni ya LED ni nene, ule mpira wa nyuma ya taa haukurudi, fundi wa Kariakoo akauacha wazi. Vumbi na mvuke vimeingia, taa ya kushoto ilishaanza kuwakawaka.

Tukarudisha halojeni, elfu 12 pea, akapolishi vioo maana plastiki ilishapauka njano, akaseti urefu. Hapo ndo nikajua kale kagurudumu kenye namba kwenye dashibodi kanashusha taa ukipakia mzigo nyuma, nimekaa na hili gari miaka minne nadhani ni la mwanga wa dashibodi! Foglaiti, zile taa za ukungu za chini, nazo zilikuwa nzima, ila sikujua swichi ilipo.

Kurudi nilikutana na ukungu uleule. Sidanganyi, si kwamba nilikuwa naona mbali, ila dim ya halojeni na foglaiti nikawa naona mstari mweupe wa pembeni, nikaenda na 40 taratibu hadi Mafinga, bila kumuumiza mtu macho na bila kujitafutia ile elfu 30 ya trafiki.

Nawapa nyota 2 kati ya 5, hizo mbili za usiku mkavu tu. Kama gari lako lilitoka kiwandani na LED au lina taa za lenzi (zile zenye kioo cha duara ndani), hayo ni mengine, hapa naongelea bakuli la H4. Nilizirudisha dukani wakaniambia mali ikishafungwa hairudi, sasa zipo kwenye banda la kuku na betri kuukuu, na ya kushoto imeshazima.