Geji ya busti kwa gari ya tabo ukiwa Tanga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wakuu wenye gari za tabo, yaani zenye kifaa kinachosukumia injini hewa kwa nguvu, hapa Tanga, Forester, Impreza, Mark II ya 1JZ, Prado na Hiace za dizeli, hii ni yenu. Gari ikianza kuwa nzito mlimani mtu anabadilisha plagi, anabadilisha filta, mwisho anaambiwa tabo imekufa atafute nyingine, kumbe saa nyingine ni mpira tu umepasuka na hewa inatokea njiani. Geji ya busti inakuonyesha presha ya hewa ya tabo (ndo busti yenyewe) inayofika kwenye injini muda huohuo unaendesha, ndo maana mi naiona ni kifaa cha kazi kabisa.

Kabla hujatoa hela angalia injini yako. Petroli ikiwa imewashwa hujakanyaga mafuta manifoldi, lile bomba la kuingizia hewa kwenye injini, inavuta, mshale unakaa chini ya sifuri, injini isiyo na tatizo inasoma kama -0.6 hadi -0.7 bar, kwa hiyo chukua geji yenye upande wa hasi. Dizeli nyingi hazivuti hivyo, ya kuanzia sifuri mpaka bar 2 inatosha. Na bar 1 ni kama psi 14.5, muuzaji asikuchanganye. Saizi iliyozoeleka ya uso wa geji ni milimita 52.

Namba moja kwangu ni ya umeme yenye sensa yake, hasa kwa petroli. Mpira unaishia kwenye sensa hukohuko chini ya boneti, ndani ya gari zinaingia waya tu. AEM na Defi ni majina ya kuaminika ila bei yake imesimama, na Defi feki zimejaa, hivyo usikubali geji tupu iliyofungwa kwenye nailoni, dai sensa na waya zake original zenye soketi, maana sensa ya kuokoteza itakupa namba za uongo. Kariakoo wanakutumia kwa basi, lakini omba picha ya kila kilichomo kwenye boksi kabla hujalipa. Halafu sisi tunakaa na bahari, gari inayolala Raskazone soketi zake zinaota kutu ya kijani mapema, paka grisi ya umeme kwenye pini kabla ya kuchomeka. Sensa ifungwe mbali na tabo, pale ni moto.

Namba mbili ya mekaniko, na kwa dizeli mi ningenunua hii bila kuwaza mara mbili. Ndani kuna kibomba kilichopinda kinachojaribu kunyooka presha ikiingia, kinasukuma mshale, basi, umeme ni wa taa tu. Ubaya wake mpira wenyewe unapita mpaka kwenye dashibodi, na kwenye petroli hewa ile ina mvuke wa mafuta, ukichomoka nyuma ya geji utasikia harufu ndani na injini itaanza kutetemeka. Kile kimpira kigumu cha nailoni kinachokuja nacho kikikaa kwenye joto kinakakamaa na kukatika, weka silikoni ya milimita 4.

Tatu ni simu yako na kile kidude cha ELM327 cha blutuzi, kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari, na programu kama Torque. Rahisi sana, hakuna kutoboa kitu, ila gari nyingi za Japani za zamani haziongei nacho kabisa, jaribu kwanza cha mwenzako kabla hujanunua. Pia kinasoma kwa kuchelewa kidogo. Kitu kingine, sensa ya gari inasoma presha yote pamoja na ya hewa ya kawaida, huku usawa wa bahari ni kama 101 kPa, yaani kama bar 1, ukipanda Lushoto inashuka kwenye 85 hivi, sasa programu ikiwa imeshikilia namba ya pwani itakudanganya ukiwa juu.

Zile za bei chee za namba tu zisizo na jina achana nazo, jua la saa saba mchana huoni kitu.

Kufunga: tii ya plastiki iingie kwenye mpira mdogo unaotoka kwenye manifoldi, baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), mfano ule unaoenda kwenye regyuleta ya mafuta. Fundi asiguse mpira wa haidroveki ya breki (ile inayofanya pedali iwe nyepesi), hizo ni breki zako, na kwenye dizeli ule unatoka kwenye pampu ya vakyumu kwahiyo wala busti hutaiona. Kila ungio lifungwe zip tai, tundu la kupita ukuta wa injini liwe na raba, umeme uchukuliwe kwenye fyuzi inayowaka na swichi, sio moja kwa moja kwenye betri.

Ukimaliza panda Mombo kwenda Soni, kile kilima kinailazimisha tabo ifanye kazi muda mrefu, na mtu wa pembeni ndo aangalie geji, wewe shika kona. Mshale ukipanda ukatulia, sawa. Ukipanda halafu ukaanza kushuka na mguu umeshikilia palepale, tafuta mpira unaovuja kwa maji ya sabuni. Ukipitiliza busti ya kiwandani ya injini yako toa mguu hapohapo, kisha kagua mpira wa wesitigeti, mlango unaozuia tabo isizidishe presha, mara nyingi umechomoka.