Dawa za kutu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Chupa ilikuwa imeandikwa "inaondoa na kuzuia kutu", nami nikaamini. Nikachovya spana mbili, kutu ikabanduka vizuri, nikazisuuza na kuzifungia kabatini pamoja na chupa yenyewe. Kesho yake asubuhi spana zilikuwa na rangi ya chungwa. Tena hata tupa na koleo ambazo sikuzigusa kabisa zilikuwa zimeshika kutu! Kumbe ndani ya chupa mlikuwa na asidi ya haidrokloriki, na mvuke wake hupenya kwenye kifuniko kilicholegea ukala chuma cha jirani.

Basi msiniulize ipi inaondoa kutu haraka. Karibu zote zinaondoa. Mimi natazama jambo moja: dakika kumi baada ya kusuuza, chuma kikoje? Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Kikikutana na maji na hewa kinaanza kutu upya huku unakitazama. Naiita kutu ya marudio, na sijaona lebo inayoitaja.

Namba moja kwangu ni Evapo-Rust, na sijifichi, naipendelea. Haina asidi kali. Inanasa oksidi ya chuma, yaani kutu, na kukiacha chuma chenyewe salama, na haitoi mvuke wa kuharibu vifaa vingine. Ukikitoa chuma na kukiacha kikauke bila kusuuza, hubaki utando mwembamba unaokikinga kwa muda kikiwa ndani ya nyumba. Utando huo ndio unakupa nafasi ya kutafuta oili. Osha grisi kwanza, maana dawa haipenyi mafuta, na usiitumie kwenye baridi kwani inazubaa. Chuma lazima kilowekwe humo, kwa hiyo kwa geti haifai.

Kwa geti, nondo za dirisha na chesisi, chukua dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya fosforiki au ya taniki. Hii haiondoi kitu: inaigeuza kutu kuwa utando mweusi. Ng'oa magamba kwa brashi ya waya, paka, ngoja ikauke, kisha lazima rangi juu yake. Ukiruka rangi umetupa pesa.

WD-40 ya kawaida, ile ya kupulizia, naiweka ya tatu, na najua nitagombana na watu. Ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji, nayo kazi hiyo inaiweza, hasa mara tu baada ya kusuuza. Kukinga chuma kinacholala nje miezi si kazi yake.

Siki? Inafanya kazi, ila kutu ya marudio ni kali. Suuza kwa maji ya magadi, kausha kwa joto, paka oili papo hapo. Mabati usiyalaze humo: asidi inayeyusha zinki iliyoyafunika, na zinki ndiyo iliyokuwa ikiliwa badala ya chuma.

Chupa isiyotaja kilichomo usinunue, hata ikiwa na picha ya mnyororo unaong'aa. Tunalipishwa bei ya dawa kwa asidi iliyozimuliwa! Nilipoirudisha yangu, muuzaji alisema sikukausha vizuri. Nikamuuliza, na tupa ambayo haikulowa? Akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.