Nimelipa fundi asafishe majaribio, dakika tatu zikawa ishirini na mbili

Sikupanga kuandika haya. Ila jana jioni yule bwana kanipigia tena, anadai laki na nusu yake iliyobaki, kwa sauti ileile ya kunihurumia kama mtoto aliyepotea stendi. Basi na tuseme.

Sisi ni wawili na nusu (huyo nusu bado yuko chuo, anakuja Ijumaa), tuna chumba chetu hapa Ngamiani, tunatengeneza mfumo wa vikoba kwa Django, zana ya Python ya kuundia mifumo ya wavuti. Anayekijua kikoba anajua kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wanachama. Kila jaribio letu, yaani programu ndogo ya kukagua kama mfumo unafanya kazi sawasawa, lilikuwa linamuumba lenyewe mtu linayemhitaji, na mistari ya kumuumba mweka hazina ilikuwa imenakiliwa mahali karibu tisini. Siku tulipoamua kwamba mweka hazina lazima awe na namba ya simu, nilirekebisha mahali pamoja baada ya pengine mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta. Nikasema hapana, atafutwe mjuzi.

Akapatikana, kutoka Dar. Laki sita, na nyingi nikatanguliza. Alifika asubuhi, jioni kashapanda basi. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, lakini sidhani kama waliousema walikuwa wanawafikiria mafundi. Nikiri tu, faili zilipendeza. Watu wote wa kikoba, wanane, kawakusanya kwenye klasi moja ya msingi (kiolezo cha pamoja), ndani ya setUp, yaani sehemu ya maandalizi ya jaribio, na majaribio yote 340 yanairithi hiyo. Hakuna mstari unaojirudia popote. Nilimpigia kumshukuru, na dua nikamuombea.

Halafu nikayaendesha.

Majaribio ya Django yakienda vizuri hutoa vidoti kwenye skrini, kimoja kwa kila jaribio. Zamani vilikuwa vinamwagika kama mchele. Safari hii kinatoka kidoti, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo kinatoka kingine. Nikaenda kununua bajia, nikala, nikanawa, nikarudi, vidoti bado viko njiani. Dakika ishirini na mbili! Zamani hazikufika tatu.

Nikampigia. Majibu yake nayakumbuka neno kwa neno: "Kaka, kanuni ya dunia nzima ni usijirudie. Marudio nimeyaondoa. Kasi ni suala la mashine, na hiyo laptop yako kampe muuza machungwa Muheza." Akakata. Sasa mimi mjomba wangu ni muuza machungwa Muheza, na laptop aliyonayo inaishinda ya kwangu. Kilichoniuma zaidi sijui ni kipi.

Aliyegundua ugonjwa ni yule kijana wa Ijumaa. Alipima muda wa kuumba mtu mmoja tu mwenye paswedi, ikatoka karibu nusu sekunde. Zidisha kwa wanane, zidisha kwa 340. Kumbe Django huisaga paswedi polepole kwa makusudi, ili mwizi akiiba databesi achoke kubahatisha, na karibu kila toleo linaongeza mizunguko ya kusaga: toleo la 3.2 lilikuwa 260,000, la 4.2 ni 600,000. Kwa pesa za kina mama wa kikoba, sawa kabisa, na isage. Lakini mweka hazina wa kwenye jaribio ni wa kubuni, paswedi yake siri123, nani amuibie? Maelezo ya Django yenyewe yanasema kwenye mipangilio ya majaribio weka kisagio chepesi, MD5, na kisiguse kabisa mfumo halisi. Mstari mmoja. Laki sita, na dawa ilikuwa mstari mmoja!

Tulipouweka, dakika mbili na kidogo. Tukapata tamaa. Kikundi tukakitoa kwenye setUp, inayorudiwa kabla ya kila jaribio, tukakihamishia setUpTestData, inayofanya kazi mara moja kwa klasi nzima. Niliogopa jaribio moja likimbadilisha katibu litamharibia jirani yake. Halimharibii: kila jaribio likimaliza, databesi inarudishwa ilivyokuwa, na tangu 3.2 kila jaribio linapewa nakala yake ya hao watu. Yale ya kupiga hesabu ya riba tukayahamishia SimpleTestCase, isiyogusa databesi kabisa. Riba ya elfu hamsini haihitaji mwenyekiti awepo ukumbini. Sekunde 38. Nilipiga kelele mpaka fundi cherehani wa chumba cha pili akaja kuuliza nani kafariki.

Kwa hiyo nyota moja.

Ila, kusema kweli, kutoka 3.2 kwenda 4.2 tulihama wenyewe, wiki ileile aliyokuja, na hatukumwambia. Nusu ya polepole ile ni yetu. Na kumuumba mweka hazina sasa kuko mahali pamoja, kazi yake hiyo. Majuzi tulipoongeza namba ya NIDA niligusa sehemu moja nikaenda kulala. Hapo hata nyota tatu zinamtosha.

Lakini wewe ndiye mtaalamu, bwana. Umewarundika watu wanane kwenye jaribio linalotafuta asilimia kumi ya elfu hamsini, na hukuyaendesha hata mara moja kabla hujakimbilia basi. Ungeyaendesha ungeviona vidoti. Ungekula hata bajia. Badala yake unanitukania mjomba. Mbili. Moja na nusu.

Laki na nusu yake ipo kwenye simu. Asubuhi niliingiza namba yake na kiasi, ikabaki namba ya siri tu. Nikakumbuka machungwa, nikafuta.