Gitaa kavu la bei nafuu kwa anayepiga gitaa la umeme: mpangilio wangu

Umezoea gitaa la umeme na sasa unazunguka Kisumu au Nakuru ukitafuta gitaa kavu ambalo halitakumaliza mfuko. Dukani watakuuzia sauti. Muuzaji atapiga kodi moja ya G kwa nguvu, sanduku livume, nawe utoe pesa. Mimi nakuomba uangalie shingo kwanza. Sauti utaizoea, lakini shingo ikikushinda gitaa litakaa ukutani.

Gitaa lako la umeme pengine lina nyuzi za unene wa 9 hadi 42 au 10 hadi 46 (kwa elfu za inchi, uzi mwembamba hadi mnene), na uzi wa tatu ni mtupu, bila waya wa kuzungushiwa. Gitaa kavu mara nyingi hufungwa 12 hadi 53, na huo wa tatu umezungushiwa waya. Ile kuuvuta mpaka sauti ipande toni nzima, hapa ni kazi ya kuumiza vidole. Tena shingo huungana na sanduku kwenye freti (chuma kinachokatiza shingo) ya 14, kwa hiyo solo za benga zinazokaa juu kabisa zitahitaji gitaa lenye mkato ubavuni, la sivyo uzishushe.

Namba moja kwangu ni Yamaha FS800. Uso wake ni mbao nzima ya sprusi, si plaiwudi, na sanduku ni dogo kuliko la kawaida, kwa hiyo ukiketi bega la kulia halisukumwi juu. Kubwa zaidi ni urefu wa uzi, kutoka pale kichwa kinapokutana na shingo hadi kwenye briji, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye sanduku: milimita 634. Stratocaster ina 648 na Les Paul karibu 628, basi mkono wako unajikuta nyumbani. Uzi ukiwa mfupi, unafika kwenye noti ileile bila kukazwa sana, na hilo ndilo linalookoa mkono uliolelewa na umeme. Ndugu yake, FG800, ana milimita 650, sanduku kubwa na besi nzito. Huyo nampa anayeongoza nyimbo bila spika, matangani au kanisa la kijijini. Kama si wewe, chukua FS.

Namba mbili ni Yamaha F310. Uso ni plaiwudi na sauti haifunguki kama ya FS, lakini urefu wa uzi ni 634 vilevile, shingo inashikika vizuri, na bei iko chini. Plaiwudi nayo ina heri yake kwetu: hustahimili ukavu wa Nakuru wa Januari na Februari na unyevu wa ziwani kuliko mbao nzima. Mwanafunzi wa Maseno au Egerton anayelala hosteli, hili linamtosha kabisa. Ila kuna magitaa bandia yenye jina la Yamaha, kwa hiyo nunua kwa mtu mwenye duka na risiti.

Tatu, Fender CD-60S. Mbao nzima usoni, kingo za shingo zimelainishwa, uzi wa milimita 643. Sanduku ni kubwa. Likikukaa vizuri, sina neno.

Nne naweka Yamaha APX600, na najua wengi wangeliweka mbele. Sanduku lina kina cha milimita 80 hadi 90 tu, mkato upo, pikapu (kinasa sauti cha kuchomeka kwenye spika) na kifaa cha kutuni vimo ndani. Kwa mpigaji wa umeme ni kama kuhamia chumba cha pili. Lakini ni ghali kuliko F310 na FS800, na lisipochomekwa sauti yake ni ndogo. Kama unapiga kanisani kila Jumapili au hotelini jioni, kwako linapanda hadi namba moja. Liingize kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) au amplifaya ya kinanda. Kwenye amplifaya ya gitaa la umeme sauti ya mbao hupotea.

Gitaa la nyuzi za nailoni, lenye shingo ya upana wa milimita 52, ni chombo kizuri kwa kazi yake, ila si hii yako. Na yeyote asikushawishi ulifunge nyuzi za chuma: briji itang'oka.

Sasa kupima. Nenda na kadi tatu za ATM. Kila moja ina unene wa milimita 0.76, hivyo zikibebana ni kama 2.3. Zipitishe chini ya uzi wa sita, ule mnene, juu ya freti ya 12. Zikiingia huku zinaugusa uzi kidogo, kimo cha nyuzi juu ya shingo ni kizuri. Zikiingia nne na bado zinacheza, nyuzi ziko juu mno. Hapo tazama ule mfupa mweupe kwenye briji. Ukiwa umesimama vya kutosha, fundi ataupunguza chini kwa msasa. Ukiwa tayari umebaki mfupi na nyuzi bado ziko juu, liache gitaa hilo, maana tatizo ni pembe ya shingo, na kuinyoosha kunaweza kuzidi bei uliyonunulia. Kisha jaribu kupenyeza karatasi nyuma ya briji. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Gitaa la mkononi mwa mtu, hata likiwa zuri namna gani, lipitie mtihani huu.

Tenga pesa za nyuzi mpya siku hiyohiyo: bronzi, 11 hadi 52, au 10 hadi 47 kama vidole bado vinalia. Usihamishie zile za gitaa la umeme, sauti itakuwa nyembamba. Na kwa kuwa nyuzi nyepesi hazivuti shingo kwa nguvu ileile, inaweza kunyooka mno na freti zianze kukwaruza. Usirudi kwenye 12. Mwambie fundi alegeze chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, atuni, asikilize, kabla ya kugusa kitu kingine.