Udzungwa kwa aliyezoea Jozani: njia ya Sanje inastahili safari

Kwetu Unguja, msitu ni Jozani: ardhi tambarare, na kima punju wanakula majani hatua mbili kutoka ulipo. Ukienda milima ya Udzungwa, huko bara, na mazoea hayo, magoti yatakusuta mapema. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa 1992, haina barabara ya gari ndani. Kila kitu ni kwa miguu, na hiyo ndiyo raha yake.

Boti ya bandari ya Malindi, Unguja, hadi Dar ni kama saa mbili, lakini usitegemee kufika Mang'ula, penye lango la hifadhi, siku hiyo hiyo. Lala Dar au Morogoro. Chukua basi la Ifakara. Wengi hupanda la Iringa au Mbeya kwa kuwa ni mengi, wakaachwa Mikumi na mizigo, na kutoka hapo zimebaki kilomita 60 hivi.

Ofisi ya hifadhi iko Mang'ula, ila njia ya maporomoko ya maji ya Sanje inaanzia kijiji chenye jina hilo, kama kilomita 10 nyuma yake upande wa Mikumi. Usishuke Sanje kwanza. Nenda ukalipe, uchukue mwongozaji (ni lazima), kisha mrudi kwa bodaboda. Beba kitambulisho, maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa.

Anzeni saa moja au mbili asubuhi. Mwendo ni wa saa nne hivi, na jua la saa sita kwenye mteremko ni adhabu. Maji lita mbili kila mtu, tende, na nguo kavu kwa atakayeoga. Makubadhi na ndara ziache nyumbani: udongo wenye majani yaliyooza huteleza, hasa wakati wa kushuka, na anayeanguka mara nyingi ni yule aliyeshika simu. Beba bakora. Chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Masika usiende kabisa. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yake.

Maji ya Sanje yanashuka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu, na juu pale bonde lote la Kilombero liko chini yako, mashamba ya miwa yamelala kama majamvi.

Wanyama ndio wanaotaka subira. Mbega mwekundu wa huku ni jamaa wa kima punju, ila wetu ana wekundu mgongoni, huyu amevaa kofia nyekundu. Hukaa juu sana, basi darubini ndogo ina kazi. Akinyoosha mkono kuvuta tawi, tazama vidole: vinne, vimepinda kama ndoana, gumba hakuna, kama kima punju wetu. Ngolaga, kima mwengine, ambaye wataalamu walimtambua 1979 tu na hapatikani kwengine duniani ila milima hii, hupita chini akipekua majani makavu. Sikiliza mchakacho kabla ya kutafuta kwa macho.

Mwenye pumzi ajaribu kilele cha Mwanihana, kilomita 38 kwa siku tatu. Hiyo huendi bila askari mwenye silaha, kwa sababu ya tembo na nyati, kwa hiyo wasiliana na ofisi mapema. Ukitokea langoni ghafla utaambiwa usubiri. Na jioni, Mang'ula, agiza wali. Mchele wa Kilombero hauhitaji nazi kunukia.