Magongo au mguu bandia?

Kila nikishuka matatu pale Odeon, Nairobi, hakosi wa kuniuliza: mguu bandia unao, magongo ya nini?

Kwa bei, magongo yanashinda. Kinachokwisha upesi ni raba za chini tu. Mguu bandia una gharama inayorudi: miezi ya kwanza kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hunywea, kikombe cha mguu bandia kinachokivaa kikalegea, ukaongeza soksi za kigutu, hadi soksi hazisaidii tena na fundi akitengeneze kikombe hicho upya.

Lakini magongo yanakunyima mikono. Chai ya moto nilikuwa naisukuma kwenye kaunta, hatua moja, kikombe, hatua nyingine. Hapo mguu bandia hauna mpinzani. Tena aliyekatwa chini ya goti huchoka kidogo kuliko kwa magongo. Juu ya goti, kazi ni nzito, hasa ngazi za maghorofa ya mtaa wa Pipeline yasiyo na lifti.

Matope? Yote mawili yatakuaibisha.

Kigutu kikichubuka, mguu unavuliwa, ubishi umekwisha. Muuza mboga anayehitaji mikono aanze kuuwekea akiba mguu bandia. Wa kazi ya kukaa, ambaye goti halipo, asione haya na magongo yake. Yangu usiku hulala nyuma ya mlango, kwa safari za choo.