Vioo vya kinga vya leza ya kuchomelea: miezi minane ya kuvitumia Nyakato

Nina karakana ndogo Nyakato, Mwanza. Tunatengeneza meza, sinki na matangi ya stenlesi, mengi yanakwenda kwa wasindikaji wa sangara. Mwaka jana nilinunua mashine ya kuchomelea ya leza, ile ya kushika mkononi, ya wati 1,500. Mashine yenyewe naipenda sana. Ninachotaka kuwaambia mafundi wenzangu kinahusu kile kioo kidogo cha duara kinachokaa ndani ya bunduki kuzuia cheche zisifike kwenye lenzi, maana ndicho kilichonila pesa.

Wiki tatu za kwanza nilimaliza vioo tisa. Nikaachana na vile vya shilingi 9,000, nikachukua vya 18,000, navyo vikaungua vilevile. Siku moja nikachukua kimoja kilichoharibika, nikakimulika kwa tochi ya simu na kukitazama kwa lenzi ya kukuzia. Katikati palikuwa na kidoa cheusi, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Kidoa kilizungukwa na mduara mweupe, na nyufa nyembamba zilitoka hapo kama miguu ya buibui. Kwingine kote kioo kilikuwa safi kabisa. Nikajua leza haikukishinda kioo. Kuna kitu kilikuwa kimetua pale.

Kitu chenyewe ni unga wa chuma. Mwanga wa mashine hizi, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1,080, hupita karibu wote kwenye silika safi, yaani malighafi ya kioo chenyewe, kwa hiyo kioo hakipati joto la kutisha. Chembe ya chuma haiupitishi, inaumeza. Inashika moto papo hapo na kuunguza mpako mwembamba ulio juu ya kioo, na palipoungua napo panaanza kumeza mwanga. Ndiyo maana doa linakua kila unapobonyeza swichi. Hata kabla kioo hakijapasuka, lile joto linahamisha fokasi, yaani pale mwanga unapokusanyika, mshono unakuwa mpana na hauzami. Kijana wangu alikuwa akiona hivyo anaongeza nguvu ya mashine, na kumbe ndiyo alikuwa anakimalizia kioo.

Nilipolisoma jambo hili nilikuta hata wakubwa liliwasumbua. Miaka ya 1980, maabara ya Livermore kule California ilikuwa na leza kubwa iliyoitwa Nova. Vioo vyake viliyeyushiwa kwenye vyombo vya platini, vikabaki na chembe ndogo mno za platini ndani, na leza ikipita zinapasua kioo. Dawa ilikuwa kubadili gesi wakati wa kuyeyusha, ili platini iyeyukie ndani ya kioo isibaki chembe.

Kwangu mimi kosa lilikuwa mahali. Tulikuwa tunabadilishia kioo kwenye meza ileile ya kupigia grainda, na mchana upepo wa ziwa ukiingia unga unapaa kila upande. Sasa tunakwenda chumba cha ofisi, mlango umefungwa, mikono imenawiwa na kukauka. Bunduki inalazwa ubavu, na tundu linazibwa kwa tepu wakati tunakifuta kioo kipya kwa spiriti ya asilimia 99. Siku hizi kioo kimoja kinakaa siku nne, wakati mwingine wiki nzima.

Kwa hiyo nashauri vya 18,000. Kila kimoja kinakuja kwenye kiboksi chake kilichozibwa. Vya 9,000 vinafungwa kumi pamoja kwa karatasi, vinasuguana njiani, na kingo zake zinamwaga vumbi la kioo. Na tafadhali, miwani nyeusi ya kuchomelea kwa umeme isitumike hapa: mwanga huu hauonekani, tafuta miwani iliyoandikwa nanomita hizo.

Juzi muuzaji alinifungulia pakiti pale kaunta ili nione kioo ni kizima, akakishika katikati kwa kidole. Nilimwomba anipe kingine ambacho hakijafunguliwa, akanipa.